Ulitaka Kutembea Tu

Kigoma, Jumapili, mwezi wa Novemba, mvua zimeanza kushika. Huu ni mwaka wa arobaini na nne tangu nivuke ziwa, na wa hamsini tangu tukuzike.

Boni,

Sijawahi kukuandikia. Nimefanya kazi ya dawa maisha yangu yote, najua mtu anapoishia, na sikuona maana ya kumtumia maiti barua. Lakini Alhamisi nimeletewa barua kutoka Kasongo, na kabla ya kutuma jibu nataka nikueleze wewe kwanza, maana habari yenyewe ni yako. Nina hasira. Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu ulionifundisha: mistari iliyonyooka, ukingo wa vidole viwili, na neno likishaandikwa halifutwi.

Barua imetoka kwa Desire, mtoto wa dada yako Anjelina. Hukumwona, alizaliwa Uhuru umekwisha kupita. Sasa ni mtu mzima, mvi zimeanza, ananunua dhahabu Salamabila na ana pikipiki zinazobeba abiria. Si mtu mbaya. Ananiita Papa Amisi, na ametumia mistari minne mizima kunisalimia kabla hajaomba kitu. Anasema ukoo umekubaliana kulijenga kaburi lako kwa saruji na vigae, na juu yake wataweka jiwe la maandishi. Wakubwa wa serikali wamealikwa. Jiwe litasema kwamba mjomba wake Bonifasi, karani wa teritwari (wilaya ya siku zile), alifungwa na Wabelgiji kwa kupigania Uhuru.

Ushahidi anao, au anadhani anao. Katika sanduku la bibi yake, yaani mama yako, amekuta karatasi zako tatu za kuomba ruhusa ya safari. Zote zimepigwa muhuri wa kukataliwa. Kwenye mstari wa sababu ya safari, zote tatu, uliandika neno moja la Kifaransa ambalo kwa lugha yetu ni kutembea. Desire ameliangalia neno hilo akaamua lilikuwa neno la siri la wapiganaji. "Papa Amisi," ameandika, "mutu hawezi kufungwa kwa sababu ya matembezi. Kulikuwa kitu nyuma ya ile neno, na ni weye tu umebaki wa kukisema."

Kwa hiyo niende. Mtu atanipokea Baraka, ng'ambo ya ziwa, pikipiki itanipeleka polepole kupitia Fizi hadi Kabambare, nitapumzika kwetu siku mbili, halafu Kasongo. Nitasimama mbele ya watu na kusema kwamba nilijua. Baada ya hapo nisihangaike tena kurudi ugenini. Wamenitengea nyumba ya vyumba viwili Kabambare, karibu na mto, na mahali pa kuzikwa kando ya baba yangu.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi, Boni. Hapa Kigoma watu wenye asili ya Manyema ni tele, lakini Kibangubangu, lugha ya kwetu, nakizungumza na mzee mmoja tu, na yeye ni kiziwi. Kwa miaka arobaini na minne hakuna mtu aliyeniandikia neno tamu kama hilo. Ndiyo maana nina hasira. Angenitolea kitu nisichokitamani ningemcheka.

Tulikuwa na miaka ishirini na minne, wewe ukiwa umenizidi miezi mitatu na kuitumia kama cheo. Mimi nilikuwa infirmie, yaani muuguzi, mpya, Mwislamu wa Kabambare, nimeletwa kwenye zahanati ya Kasongo simjui mtu. Wewe ulikuwa mtoto wa hapo hapo, Mkatoliki, wazazi wako wakulima wa mpunga, karani wa mashini ya kuandikia katika ofisi ya teritwari. Ulinijia umeshika kidole kilichobanwa na mashini, kile kidogo cha mkono wa kushoto, kimevimba kama ndizi. Nilipochukua kisu cha kupasulia ulikirudisha kidole mfukoni. "Muganga, kata yote ingine. Hiki uniachie. Njo kinapiga herufi A, na bila A siwezi kuandika hata jina ya mama." Nilikipasua, kikapona kikiwa kimepinda kidogo, na kuanzia siku hiyo herufi A katika karatasi zote za teritwari ilikuwa hafifu kuliko wenzake. Nilikuwa nikiona tangazo ukutani, hata la kodi, najua limetoka mkononi mwako.

Nataka niyataje mambo tuliyoyafurahia, kwa sababu hayo ndiyo Desire hayataki kwenye jiwe. Jumamosi mchana kazi ikiisha ulikuwa ukipiga pasi. Si kumpa mtu akupigie: wewe mwenyewe, pasi ya makaa, maji unayapuliza kwa mdomo kama mvua ya manyunyu, unaimba wimbo wa misa kwa mwendo wa rumba. "Mustari ya suruali isiyokata bugali si mustari," ulisema. Chai uliinywa katika kikombe chenye kisahani, hata ukiwa peke yako, na hukuipuliza; uliiacha ipoe yenyewe, kwa sababu Jumamosi, ulisema, haina haraka. Ulikuwa na viatu vya rangi mbili. Vilikubana. Uliniapia miaka miwili kwamba havibani.

Na mashini yako. Wakati wa adhuhuri, bwana mkubwa, yule Mbelgiji wa teritwari, akiwa amekwenda kula na kulala, ulichomeka karatasi iliyoharibika ukachora kwa herufi. Kuku wa herufi o. Lori la pamba la herufi x, na vumbi lake la nukta. Kanisa la Kasongo lilikuchukua siku tisa, na msalaba wake ukaukosea, ukalianza upya. Sijaona mtu mwingine duniani aliyefanya hivyo, ingawa nimesoma baadaye kwamba katika nchi nyingine wako. Wewe hukumwiga mtu. Ulikuwa na mashini, karatasi mbovu na saa moja.

Karibu kila baada ya miezi miwili tulikwenda Nyangwe kwa baiskeli yako, kinga kama tulivyoiita, mmoja akanyage, mmoja akae nyuma, tunabadilishana kila kilima. Tulilala kwa shangazi yako. Hatukuwa na kazi yoyote Nyangwe. Tulikuwa tukikaa ukingoni mwa Lualaba, suruali zimepigwa pasi, tunaangalia mitumbwi ikivuka, na wewe unawauliza wavuvi maswali yasiyo na faida: haya maji jana yalikuwa wapi, kesho yatakuwa wapi. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyetuchoka. "Vijana wa mashati meupe! Munanunua samaki ao munanunua muto?" Ukamjibu bila kugeuza kichwa: "Muto, mama. Utufungie kidogo mu majani." Alicheka mpaka akatupa samaki mmoja bure, akatutukana tulipomshukuru.

Lakini mto ulikuwa wa nyumbani. Wewe ulitaka ziwa. Ilianza na magazeti ya zamani ya ofisini, yale yanayoletwa kufungia sabuni. Ulikuwa ukikata matangazo ya hoteli na kunisomea kwa sauti ya padre: chumba, kitanda, beseni la kuogea, dirisha linalotazama Tanganyika. "Amisi, kumbe musungu analipa kwa sababu ya dirisha!" Hukusema kwa wivu. Ulisema kama mtu aliyegundua kwamba jambo alilokuwa akilifanya kwa siri lina jina. Ukachora ziwa kwa mashini, mawimbi yote kwa alama za mkato, kurasa mbili zimeunganishwa kwa gundi, ukalibandika juu ya kitanda. "Nikifika nitaisahihisha."

Wajukuu wangu wanadhani natunga ninapowaeleza karatasi zile. Wao wanapanda basi na kwenda. Nimewaambia kwamba siku zile mtu mweusi hakutoka katika teritwari yake mpaka apewe karatasi, na karatasi ilikuwa na mstari wa sababu, na sababu zilizokubaliwa zilikuwa nne: kazi, ugonjwa, ndoa, msiba. Ndiyo maana kila aliyetaka kwenda popote aliua mjomba kwenye karatasi. Kumfisha baba ni laana, ukimfisha kaka, anaweza kutokea sokoni mzima akionekana na wote. Mjomba alifaa: yuko upande wa mama, jina lake ni lingine, bwana mkubwa hawezi kumfuatilia. Karatasi zote hizo ulizipiga wewe. Ulinitajia siku moja kwamba fundi mmoja wa matofali alikuwa amekwisha kufiwa na mjomba yule yule Kibombo, Kindu na Kongolo.

Zamu yako ya likizo ilipofika, ukajiandikia ya kwako, ukaipeleka kwa Papa Tomasi. Unamkumbuka Papa Tomasi, karani mkuu: mtu mwema, mwenye watoto tisa na woga wa watoto tisa. Akaisoma akakuita pembeni.

"Boni, mutoto wangu, hii neno uliweka hapa ni nini? Andika mujomba."

"Papa, wajomba wangu wote wawili walikuwa kwetu jana. Walikula wakamaliza nyama."

"Basi andika ugonjwa."

"Sina ugonjwa. Naenda kutembea."

"Kutembea kufanya nini?"

"Papa, kutembea."

Bwana mkubwa aliisoma akaisukuma kando kwa kalamu. Mtu mweusi hatembei, alisema, anatumwa. Ulinisimulia jioni ile ukiwa unakoroga chai, na ulikuwa umeigiza sauti yake vizuri mno hata nikaangalia mlangoni.

Mwingine angenuna. Wewe uliitumia likizo ile kuitembelea Kasongo. Ulitoka kwenu asubuhi, kofia, miwani ya jua, viatu vinavyobana, sanduku mkononi, ukazunguka mji uliozaliwa ukiuliza njia. Ulimsimamisha mwalimu wako wa katekisimu ukamwuliza kama kanisa liko mbali. Sokoni ulitaka kuambiwa wenyeji wa huku wanakula nini. Mchana ukafika kwenu, ukabisha hodi kwa mama yako mwenyewe.

"Mama, samahani. Mimi ni mugeni. Humu kunapatikana chakula?"

Mama Marta alikuangalia kutoka kofia hadi viatu. "Iko," alisema. "Sombe ya muhogo na muchele. Lakini wageni wa hapa wanachota maji kwanza." Ukaweka sanduku chini, ukachukua ndoo. Nilikuwepo. Sijawahi kumwona mtu akichota maji amevaa miwani ya jua, na sijawahi kukupenda kama siku ile.

Mwaka uliofuata mimi nilihamishiwa Kabambare. Ukaomba tena, neno lile lile, ukakataliwa tena. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikukuficha hata wakati ule: niliomba karatasi ya kwenda Baraka, na kwenye mstari wa sababu nikamwua mjomba. Nilipewa siku ile ile. Nikapanda lori, nikateremka milima ya Fizi, na katika kona moja maji yakatokea yote kwa pamoja. Nilikuandikia kurasa sita. Nilikwambia kwamba alama zako za mkato zilikuwa kosa. Karibu na nchi kavu maji yanalala kwa mistari mirefu, kama vistari vya mashini, na mbali hakuna alama kabisa, karatasi nyeupe tu mpaka mbinguni. Jibu lako lilikuja na lori la pamba. "Pole sana kwa musiba wa mujomba. Natumaini alizikwa vizuri, maana ni mara ya kwanza nasikia ulikuwa naye. Sasa niambie: maji yake iko na harufu gani? Hukuandika harufu." Hukunikaripia. Uliniachia nijikaripie, na nilifanya kazi hiyo kikamilifu.

Mara ya tatu bwana mkubwa alikuita mwenyewe. Papa Tomasi alikuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyenieleza. Uliulizwa kama huwezi kupata sababu nyingine. Ukasema: "Bwana, mashini yangu imeandika maiti wengi. Naomba iandike muzima mumoja." Basi. Siku saba za gereza, kwa kukosa heshima. Walikunyoa, wakakuvika shati la wafungwa, ukafagia uwanja mbele ya ofisi yako, na Papa Tomasi alikuwa akipita ukutani ili msionane macho. Siku ya nane ulirudishwa kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyejua mashini. Kabla ya kwenda nyumbani ulipitia kwa kinyozi, akutengeneze vizuri kile kidogo kilichobaki kichwani, na ukamtaka apake mafuta ya manukato.

Hiyo ndiyo habari yote. Hakukuwa na kitu nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya neno hilo pamoja na wewe, na nasema hapakuwa na kitu.

Siwadharau waliopigania Uhuru. Nimewafunga vidonda, nimewafumba macho. Ulikuwa ukiwajua wengine. Walikualika kwenye mikutano yao, ukaenda mara mbili, ukasema viti ni vigumu. Ungeweza kuwa mmoja wao baadaye. Hukuishi. Siwezi kukupa leo maisha ambayo hukuyafikia, ili wakubwa wa serikali wapate mahali pa kuweka shada.

Najua pia hoja nyingine, maana nimesoma vitabu vingi kuliko ulivyonikadiria. Msomi mmoja wa hapa, kijana anayenitembelea, aliniambia juzi: Mzee, basi kukataa kusema uongo ndiko kupigana kwenyewe, mwache Desire aandike. Nilimjibu hapana. Ukisema Boni alikuwa amebeba ujumbe, umesema Boni alitumwa. Umemkubalia yule bwana mkubwa, miaka hamsini baadaye, kwa saruji na vigae, kwamba mtu mweusi hatembei. Wewe, Boni, ulifagia uwanja siku saba kwa sababu hukutaka kumpa sababu nzuri. Desire anakutafutia sababu nzuri. Ana mapenzi, ana fedha, ana jiwe tayari, na anafanya kile kile Papa Tomasi alichokuomba ukakataa.

Na mimi ninajua kishawishi hicho kina ladha gani, kwa sababu niliwahi kukimeza mara ya pili, na mara hiyo mjomba ulikuwa wewe.

Ilikuwa kiangazi, miaka miwili kabla ya Uhuru. Dereva wa lori alisimama mbele ya zahanati ya Kabambare bila kuzima injini, akasema: "Muganga, rafiki yako wa mashini amekufa jana. Homa, shingo ikakauka, siku tatu." Nilikuwa nikimchoma mtoto sindano. Nilimaliza. Nikaenda ofisi ya teritwari kuomba karatasi ya kuja Kasongo, nikaandika: msiba wa rafiki. Karani alinirudishia. Hakuwa mkorofi. "Muganga, rafiki haiko mu orodha. Weka ndugu ao mujomba, unaenda sasa hivi. Ukiacha hivi, utangoja bwana, na atarudi kesho kutwa." Lori lilikuwa linanguruma nje. Hungengoja, joto lile, hakuna maiti anayengoja. Nikachukua kalamu, nikaandika mjomba.

Nilikuwahi. Nilikuona. Walikuvika suruali yenye mstari na viatu vya rangi mbili, na nikafikiri, angalau sasa havibani. Mama Marta alinishika mikono akaniuliza nimepataje ruhusa haraka hivyo. Nikamwambia ukweli. Akacheka, Boni, katikati ya kilio chake, mbele ya wanawake wote waliokaa chini, akacheka mpaka machozi yakabadilika. "Amisi! Ungemukuta muzima angekuchapa!" Kisha akalia upya, kwa sauti ambayo bado ninaisikia.

Hakuna aliyenilaumu. Ningekuwa kijana yule leo, mbele ya kalamu ile na lori lile, pengine ningeandika vile vile. Lakini nilipanda lori nikiwa nimeshika karatasi inayosema kwamba wewe hukuwa rafiki yangu. Hiyo ndiyo karatasi pekee niliyoibeba nilipokimbia vita na kuvuka ziwa. Vyeti vyangu vya kazi viliungua Kabambare. Ile ilikuwa mfukoni.

Mambo yamebadilika sana, nikueleze kidogo. Ofisi yako haina paa, Desire ameandika. Mashini zilichukuliwa na wanajeshi, sijui wa upande upi, wala sijui walizifanyia nini. Barabara yetu ya Nyangwe imekuwa njia ya miguu. Mpunga bado unalimwa. Mama yako alikufa mzee, kitandani mwake, jambo ambalo katika nchi yetu ni la kushukuru. Mimi nimezika mke, ninao watoto wanne, na magoti yanauma mvua ikianza. Ziwa liko mwisho wa mtaa wangu. Harufu yake, uliyoniuliza nikashindwa: ni jiwe lililoloa, na dagaa wanaoanikwa, na asubuhi sana hakuna harufu yoyote, baridi tu puani. Nilichelewa kukujibu miaka zaidi ya hamsini. Samahani.

Mwanangu mkubwa anasema niende. Anasema: "Baba, sema wanachotaka, uzikwe kwenu, marehemu hasikii." Ni mtoto mwema, hataki nife nikiwa na kiu. Kwa siku tatu nilikaribia kumkubali. Nililiona lile jiko la mama yangu, nikasikia Kibangubangu kikisemwa haraka haraka na watu wanaogombana, kama kinavyopaswa kusemwa. Nikafungua sanduku, nikakunja shati. Halafu nikajiona nimesimama mbele ya watu, wakubwa kwenye viti vya mbele, na mimi nasema, ndiyo, lilikuwa neno la siri. Nikalikunjua shati.

Kesho barua yangu kwa Desire itaondoka. Nimeiandika kwa heshima, na sikuzunguka. Nimemwambia kama anataka jiwe, aandike hivi: Bonifasi, mwana wa Marta, karani wa mashini, aliomba mara tatu kwenda kuliona ziwa, kwa sababu alitaka kuliona, akafungwa, hakuliona. Kama wakubwa hawatakuja kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, wabaki makwao. Kama maneno hayo yanamtia aibu mtu yeyote wa ukoo, basi saruji ibaki tupu. Lakini lile neno jingine likichongwa, litachongwa bila shahidi, nami nitaandika kwa kila mtu ninayemjua Kasongo, na ninaowajua bado wako, kwamba si kweli. Nimeandika nakala ya pili nikampa binti yangu, ili hata nikiwa nimekwisha kuzikwa, pawe na mtu wa kusema.

Hiyo ni ahadi yangu kwako, na ni ahadi niliyokwisha kuilipia. Desire hatanipa nyumba baada ya barua hiyo, na ana haki. Wala sitaiomba.

Pumzika, rafiki yangu. Hukuwa mjomba wangu, hukuwa ndugu yangu, ulikuwa rafiki yangu, na nimeliandika hapa kwa wino.

Kasongo sirudi. Kabambare sirudi. Nitazikwa Kigoma.

Amisi